Kuanza Jujitsu ya Kibrazili Ukubwani: Mwongozo Kamili kutoka Mkanda Mweupe hadi Mweusi

Mtu mzima anayefunga mkanda mweupe kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 32, 40 au 55 huingia ukumbini na faida ambazo kijana hana: anajua kwa nini amekuja, anaweza kuipanga wiki yake, na amekwisha zoea kufanya jambo gumu bila kusifiwa kila siku. Upungufu wake mkubwa ni mmoja, nao ni kwamba mwili wake hauponi kwa kasi ya mwili wa miaka 17. Mwongozo huu umejengwa juu ya ukweli huo. Kwa maoni yangu, kinachoamua iwapo aliyeanza ukubwani atafikia umahiri ni kama katika mwaka wa nane atakuwa bado anakanyaga tatami, yaani mikeka ya mazoezi, na kwa hiyo kila hatua iliyoelezwa hapa, kuanzia uchaguzi wa ukumbi hadi uchaguzi wa mbinu, imepimwa kwa kigezo cha kudumu.

Nimechagua jujitsu ya Kibrazili kwa sababu sehemu kubwa ya pambano lake hufanyika chini, hivyo mtu asiye na msingi wa michezo anaweza kuianza bila kubwagwa kutoka juu mara kwa mara. Asili yake ni judo. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha chuo chake cha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, akaziondoa katika mazoezi ya kupambana mbinu za hatari zaidi za jujitsu ya kale ili wanafunzi waweze kushindana kwa nguvu zao zote bila kulemazana. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazil mwaka 1914 na baadaye akamfundisha Carlos Gracie katika mji wa Belém. Carlos na ndugu zake, akiwamo Hélio aliyekuwa na umbo dogo, wakaukuza zaidi upande wa mapambano ya chini. Wazo la Kano linabaki kuwa msingi wa yote yatakayofuata: ufundi hukua unapojaribiwa dhidi ya mwenzako anayekataa kwelikweli, na jaribio hilo linaweza kurudiwa kila juma endapo tu nyote wawili mnalindana.

Kabla ya siku ya kwanza

Mwone daktari ikiwa una shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu, maumivu ya shingo au mgongo yanayoshuka hadi mkononi au mguuni, au ikiwa umewahi kufanyiwa upasuaji wa goti au bega. Mweleze waziwazi kwamba kifua chako kitakandamizwa, shingo yako itakabwa na viungo vyako vitapindwa, kwa maana ukimwambia tu kwamba unaanza mazoezi, atadhani unakwenda kukimbia. Hakikisha pia kwamba umepata chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, kwa kuwa michubuko midogo yenye damu ni jambo la kawaida katika mchezo huu.

Mwezi mmoja wa kutembea kwa kasi, kuchuchumaa na kusimama, na kujinyoosha nyonga utakusaidia, lakini usiahirishe kuanza kwa hoja ya kutafuta pumzi kwanza. Pumzi ya mieleka hujengwa kwa mieleka, na hata mkimbiaji mzuri huhema vibaya dakika mbili baada ya kulaliwa na mtu wa kilo 90.

Kuchagua ukumbi

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote utakayofanya katika miaka mitano ya mwanzo, kwa hiyo usiukabidhi kwa umbali wa nyumbani pekee. Omba ruhusa ya kuketi pembeni na kutazama kipindi kizima, tangu kupasha mwili moto hadi kuagana. Tazama kwanza ni nani wamo. Ukiona watu waliopita miaka 35, wanawake, na wanaume wenye maumbo madogo wakiwa na mikanda ya bluu au zambarau, ambayo ni ngazi ya pili na ya tatu kati ya tano (nyeupe, bluu, zambarau, kahawia, nyeusi), umepata ushahidi kwamba ukumbi huo hukuza watu wa kila aina. Ukiona vijana wenye misuli peke yao, basi waliokuwa kama wewe walikwisha ondoka, na ni vema ujue sababu.

Kisha tazama kinachotokea mtu anapogonga kuonyesha kwamba amekubali kushindwa. Mwenzake anapaswa kumwachia papo hapo, bila kuongeza hata nusu sekunde, na mwalimu anapaswa kuingilia pale hilo lisipofanyika. Sikiliza kama mwalimu anawajua wageni kwa majina na kama yeye mwenyewe ndiye anayewapangia wa kufanya nao mazoezi. Muulize ni baada ya muda gani mgeni huruhusiwa kupambana, na hupambana na nani. Jibu linaloniridhisha ni kwamba mgeni huanza kwa michezo yenye mipaka, kama vile kujaribu kutoka chini ya mtu aliyempandia, na mwenzake huwa mtu mwenye uzoefu. Muulize pia ni nani aliyemfunga mkanda wake. Swali hilo si utovu wa adabu, kwa sababu katika jujitsu kila mwenye mkanda mweusi hujua mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake, na mtu halali hulijibu kwa fahari.

Kagua sakafu. Tatami zisiwe na nafasi katikati ambapo kidole cha mguu kinaweza kunasa, zisiishie kwenye nguzo au kona ya ukuta isiyofunikwa, na zipigwe deki kwa dawa ya kuua vijidudu kila siku. Kwa kubwagana kutoka juu, unene wa sentimita 4 hivi ndio wa kawaida. Lipa mwezi mmoja mmoja mpaka uthibitishe kwamba mahali hapo panakufaa, hata kama ada ya mwaka mzima imepunguzwa sana.

Mahali pasipo na ukumbi wa jujitsu, judo ni mlango halali kabisa. Zanzibar imekuwa na judo tangu miaka ya 1990 kwa juhudi za mwalimu wa Kijapani aliyehamia visiwani, na Kenya, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zina klabu za judo. Anayeanza judo ukubwani amwombe mwalimu muda mrefu zaidi wa kujifunza kuanguka na sehemu kubwa zaidi ya mazoezi ya chini. Wasomaji walioko Ghuba wana bahati ya pekee, kwa kuwa Falme za Kiarabu ziliingiza jujitsu katika shule za serikali mwaka 2008, na kumbi zenye vipindi vya wanawake peke yao zinapatikana huko. Nisichokishauri ni kujifunza kwa video na rafiki uani, kwani hakuna atakayewarekebisha mnapokabana shingo wala atakayejua la kufanya mmoja wenu akizimia.

Vifaa na usafi

Unahitaji kimono mbili za pamba, yaani koti na suruali ya mazoezi, ili moja ikauke wakati nyingine inavaliwa, kinga ya meno, na ndala za kuvaa kila unapotoka kwenye tatami, hasa kwenda msalani. Kwa mazoezi yasiyo ya kimono, vaa fulana ya kubana na kaptula isiyo na mifuko wala zipu, kwa sababu vidole hunasa humo na kuvunjika. Basi, hayo yanatosha kwa mwaka wa kwanza.

Usafi unastahili uzito zaidi kuliko vifaa. Choa, majipu na malengelenge ya ngozi husambaa haraka katika ukumbi, na mtu mmoja mzembe anaweza kuwalaza nyumbani wenzake kumi. Kata kucha kabla ya kila kipindi, vua pete na hereni, oga mara tu unapomaliza badala ya kungoja ufike nyumbani, na fua kimono pamoja na mkanda baada ya kila matumizi. Ukiona doa la mviringo linalowasha au uvimbe wenye joto, usiende ukumbini mpaka utibiwe, na usiufunike kwa bandeji ukidhani umewalinda wenzako. Sikio likivimba na kujaa damu baada ya kusuguliwa, daktari anaweza kuivuta damu hiyo kwa sindano katika siku za mwanzo. Ukichelewa, uvimbe hukakamaa na sikio hubaki na umbo hilo daima.

Kugonga na kuanguka

Kabla ya mbinu yoyote ya kumshinda mtu, jifunze kugonga. Kugonga ni kumpiga mwenzako kwa kiganja mara mbili au zaidi mahali ambapo atahisi. Mikono ikiwa imenaswa, gonga tatami kwa mguu, au sema kwa sauti. Gonga mapema. Mtu mzima anayekataa kugonga kwa sababu anayempinda ni kijana aliye sawa na mwanawe hulipa kwa miezi sita ya kutazama wenzake, na miezi hiyo hairudi.

Aina za mbinu za kumaliza hutofautiana katika namna zinavyotoa onyo, na tofauti hizo lazima uzijue. Kabali ya kweli, pamoja na ile ya kutoka nyuma ambayo mitaani huitwa roba, hubana mishipa mikubwa ya damu pande mbili za shingo, na mtu huzimia katika sekunde chache bila maumivu makubwa. Mbinu ya kunyoosha kiwiko huuma taratibu na hukupa nafasi ya kufikiri. Mbinu ya kuzungusha bega huuma kwa kuchelewa kidogo. Mbinu ya kuzungusha kisigino ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa kuwa nguvu yake huishia kwenye goti, na kano za goti zinaweza kuchanika kabla maumivu hayajafika. Ndiyo maana IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, huikataza kabisa katika mashindano ya kimono, na kuanzia mwaka 2021 limeiruhusu bila kimono kwa watu wa kundi la watu wazima wenye mikanda ya kahawia na nyeusi tu. Mwenye mkanda mweupe anapohisi kisigino chake kimefungwa na kuanza kuzungushwa, agonge kabla hata ya kujaribu kutoka.

Mwenzako akizimia kwa kabali, mwachie mara moja, mlaze chali na kuinua miguu yake; kwa kawaida huzinduka ndani ya sekunde chache. Mazoezi yake ya siku hiyo yameisha, na asipozinduka upesi au akizinduka akiwa amechanganyikiwa, apelekwe hospitali.

Kuanguka nako ni ufundi. Unapokwenda chini kinyumenyume, kidevu kiwe kifuani ili kisogo kisipige, mgongo uwe wa mviringo, na mikono ipige tatami kwa kiganja na kigasha kwa pamoja, ikiwa imefunguka kiasi cha nyuzi 45 kutoka ubavuni. Usinyooshe mkono nyuma kuizuia sakafu, kwa sababu kifundo, kiwiko na bega vyote hupokea uzito wako kwa mkupuo na kimoja hushindwa. Anza ukiwa umechuchumaa, kisha ukiwa umesimama, kisha ukisukumwa na mwenzako. Lifanye zoezi hili mwanzoni mwa kila kipindi kwa mwaka mzima hata kama darasa limelipita. Siku utakapoteleza bafuni au kwenye ngazi iliyolowa, utajua kwa nini.

Miezi sita ya mwanzo: kuokoka

Wanaoanza hutaka kujua namna ya kumkaba mtu. Mimi humshauri mtu mzima ashughulike na swali jingine kwa miezi sita: akiwa chini ya mtu mzito, atapumua vipi, atajilinda vipi, na atatoka vipi? Asiyeogopa kulaliwa hupambana kwa utulivu, na mtulivu huumia mara chache. Tena, mbinu za kutoka hazidai kasi wala wepesi wa ujana. Zinadai pembe sahihi na subira.

Zijue kwanza nafasi zenyewe kwa mpangilio wa uzito wake, na njia rahisi ya kuukumbuka mpangilio huo ni alama za mashindano. Kumwangusha mtu, kumpindua ukiwa chini, na kumwekea goti tumboni hupewa alama 2 kila kimoja. Kuipita miguu yake na kumdhibiti ubavuni hupewa 3. Kumpandia kifuani na kumshika mgongo hupewa 4. Alama hizi zinaeleza hatari halisi, kwa maana aliyekupandia au kukushika mgongo anaweza kukudhuru huku wewe ukiwa huna karibu chochote cha kumfanya. Gadi, yaani hali ya kuwa chini huku miguu yako ikiwa kati yako na mpinzani au ikimzunguka kiunoni, ndiyo ngome ya aliye chini, na karibu kila mbinu ya kujiokoa ni safari ya kurudi kwenye gadi.

Mwendo mmoja ni mama wa mingine yote: kuondoa nyonga. Lala chali, kanyaga mguu mmoja karibu na kalio, geuka ubavu, sukuma sakafu kwa mguu huo na urushe nyonga nyuma mpaka mwili wako uwe umejikunja. Ukifanya hivyo kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine katika kila kipindi, mwili utaanza kuufanya wenyewe wakati wa dhiki.

Mpinzani akikupandia, tumia mojawapo ya njia mbili na uzijaribu zote kila wiki. Ya kwanza ni kumpindua kwa daraja: ushike mkono wake mmoja kwa mikono yako miwili na kuubana kifuani, unase mguu wake wa upande uleule kwa mguu wako, usogeze visigino karibu na makalio, kisha uinue nyonga juu kwa nguvu ukielekea kwenye bega la upande ulionasa. Asipoweza kujizuia kwa mkono wala mguu wa upande huo, atapinduka, nawe utakuwa juu. Kosa linaloiua mbinu hii ni kusukuma ubavu bila kuinua nyonga kwanza. Njia ya pili ni ya kiwiko na goti: geuka ubavu, weka vigasha vyako kwenye nyonga yake kama nguzo, ondoa nyonga zako, na upenyeze goti lako katikati mpaka unase mguu wake katika nusu gadi, yaani gadi ambamo miguu yako inabana mguu wake mmoja tu. Njia hizi mbili husaidiana, kwani anayejizuia asipinduliwe hupanua miguu na kukupa nafasi ya kupenyeza goti.

Ukilaliwa ubavuni, usimkumbatie anayekulalia, kwa sababu unamsaidia kukubana. Weka kigasha kimoja mbele ya shingo yake na kingine kwenye nyonga yake, piga daraja kupata nafasi ndogo, ondoa nyonga kabla nafasi hiyo haijafungwa, na uingize goti lililo karibu naye. Mpinzani akikushika mgongo, mikono yako yote miwili ishughulike na mkono wake unaokaba, kidevu kikiwa chini, kisha pambana kuushusha mgongo wako ugote kwenye tatami. Kupumua kwa pua wakati huu wote ni kipimo kizuri: ukijikuta unahema kwa mdomo, umetumia nguvu mahali palipohitaji pembe.

Katika miezi hii, kipime kila kipindi kwa swali moja tu, yaani kama ulikaa ndani ya hali mbaya kwa muda mrefu zaidi kuliko wiki iliyopita bila kulazimika kugonga. Hakuna haja ya kuhesabu umewashinda wangapi.

Ratiba ya mwili uliokomaa

Vipindi viwili kwa wiki, vikiwa na siku mbili au tatu katikati, vinatosha kwa miezi sita ya kwanza, na vitatu vinatosha kwa miaka mingi baada ya hapo. Wengi huingia kwa shauku, wakafanya vitano kwa wiki, wakaumia mbavu au shingo mwezi wa tatu, wasionekane tena. Ongeza siku mbili fupi za mazoezi ya nguvu ukilenga kuvuta, kuchuchumaa na uzito, kunyanyua uzito kutoka sakafuni kwa mgongo ulionyooka, na kuimarisha shingo taratibu. Usingizi ni sehemu ya mazoezi. Siku uliyolala kwa muda wa saa nne tu, hudhuria ukajifunze mbinu, kisha ukae pembeni wakati wa kupambana.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga anaweza kuchagua kipindi kifupi cha ufundi bila kupambana kuelekea Magharibi, ili maji yawe karibu, au mazoezi kamili saa mbili baada ya futari. Kupambana kwa nguvu mchana wa joto bila maji ni hatari, na hakuna mwalimu anayefaa ambaye atakulaumu kwa kukataa.

Una haki ya kuchagua unayepambana naye. Katika mwaka wa kwanza, watafute wenye mikanda ya zambarau na kuendelea, kwa kuwa wanajua kupunguza nguvu, na umkwepe kwa heshima mgeni mwenzako mwenye nguvu nyingi na papara. Sema tu, “Leo nitapumzika mzunguko huu,” na inatosha. Ukiwa na jeraha, litaje kabla hamjashikana. Maumivu ya goti yanayoambatana na uvimbe au goti kulegea, ganzi mkononi, au maumivu ya kichwa baada ya kugongwa ni mambo ya daktari, wala si ya kufungwa bandeji na kuendelea.

Kuelekea mkanda wa bluu na baada yake: kujenga mchezo wako

Watu wengi hupata mkanda wa bluu baada ya mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Kufikia hapo unapaswa kuwa na njia ya kutoka katika kila nafasi mbaya na kuanza kuwa na mchezo wako mwenyewe. Chagua vichache: njia moja ya kumwangusha mtu, gadi moja, njia moja ya kuipita gadi, na mnyororo mmoja wa kumalizia. Mwenye mbinu nne zilizofungamana humshinda mwenye arobaini zilizotawanyika, kwa kuwa pambano halimpi mtu muda wa kupekua.

Mfano wa mnyororo unaomfaa mtu mzima huanzia kwenye gadi iliyofungwa. Mpinzani akinyooka, keti ghafla, egemea mkono mmoja nyuma yako, zungusha mwingine juu ya bega lake na umsukume kwa nyonga ili apinduke. Akiweka mkono chini kujizuia, kamata kifundo cha mkono huohuo na uupinde mgongoni kwa mshiko wa kimura, mbinu ambayo Masahiko Kimura wa Japani alimshinda nayo Hélio Gracie jijini Rio de Janeiro mwaka 1951. Akiinamisha kichwa kuja mbele ili asipinduke, shingo yake imekuja ndani ya kabali ya mbele. Mambo matatu, na kila kinga yake inafungua lingine. Tumia miezi mitatu kwa mnyororo huu peke yake, kwanza bila upinzani, kisha kwa upinzani nusu, kisha katika pambano.

Upande wa kusimama, acha mbinu za kuruka. Kurukia gadi kunaweza kuvunja goti la mwenzako, na kurusha miguu kama mkasi kwenye miguu ya mtu aliyesimama kumepigwa marufuku katika judo na katika mashindano ya IBJJF kwa sababu hiyohiyo. Ngwala, kukamata mguu mmoja, na kuvuta shingo chini vinatosha. Upande wa kuipita gadi, chagua njia za uzito na subira, kama kukata kwa goti, yaani kupenyeza goti juu ya paja lake huku kifua kikiwa kimemlemea, badala ya zile za kukimbia kuzunguka miguu. Nusu gadi nayo ni rafiki mkubwa wa mwenye umri, kwa kuwa haidai nyonga laini wala miguu mirefu.

Weka daftari. Baada ya kila kipindi andika mahali uliponaswa, ulichojaribu, na swali moja la kumwuliza mwalimu. Kisha omba michezo inayoanzia hapohapo uliponaswa, dakika tatu tatu. Gawanya pia mapambano yako: theluthi na waliokuzidi, ambao watakufundisha kujilinda, theluthi na walio sawa nawe, watakaokupima, na theluthi na walio chini yako, ambao juu yao utajaribu mbinu mpya bila kuwaumiza. Kundi hili la tatu hupuuzwa, nami naliona kuwa mahali ambapo mashambulizi hukomaa hasa.

Mashindano

Si lazima, lakini shindano moja au mawili katika kila ngazi huonyesha mapengo ambayo ukumbi huyaficha, kwa sababu wenzako wamekwisha zoea tabia zako. IBJJF ina makundi ya wakongwe kuanzia miaka 30, kwa hiyo hutalazimika kukutana na kijana wa miaka 20. Mwandishi na mpishi Anthony Bourdain, aliyeanza jujitsu akiwa ameshapita miaka 55, alishinda dhahabu ya mkanda wa bluu katika kundi la umri wake jijini New York mwaka 2016. Uzito hupimwa muda mfupi kabla ya pambano la kwanza, ukiwa umevaa kimono, hivyo kujikausha maji ili ushuke kilo ni upuuzi unaokupeleka vitani ukiwa dhaifu. Pambano la mkanda mweupe huchukua dakika 5. Soma sheria za ngazi yako, kwa mfano kwamba kupinda kifundo cha mkono huruhusiwa kuanzia mkanda wa bluu, na kupinda goti kwa kulinyoosha huanzia kahawia.

Zambarau, kahawia, mweusi

Kwa kanuni za IBJJF, mwenye bluu hukaa angalau miaka 2 kabla ya zambarau, mwenye zambarau mwaka 1 na nusu kabla ya kahawia, na mwenye kahawia mwaka 1 kabla ya mweusi. Hivyo ni viwango vya chini. Kwa mtu mwenye kazi na familia, miaka 10 hadi 14 kwa jumla ni muda wa kawaida. Bluu ndipo wengi huachia njiani, kwa sababu maendeleo huacha kuonekana kwa macho. Anayejua hilo mapema hubadili kipimo chake, akaangalia kama mwaka huu anatumia nguvu kidogo zaidi kupata matokeo yaleyale.

Katika zambarau, anza kusaidia kufundisha wageni. Kumweleza mtu namna ya kuondoa nyonga hukulazimisha kuona sehemu za mbinu ambazo mwili wako ulizifanya bila kuuliza, na mara nyingi utakuta kwamba ulikuwa ukiruka moja. Ndipo pia pa kuongeza gadi ya pili na kusoma mashambulizi ya miguu chini ya mwalimu anayeyafahamu. Katika kahawia, punguza mambo mapya. Chukua nafasi ambayo huipendi, kaa ndani yake kwa miezi miwili, kisha nyingine, mpaka pasiwe na mahali ambapo mwenzako akikufikisha unaanza kuhangaika. Jifunze pia mwendo, yaani kujua lini kumwachia mpinzani ajichoshe na lini kumfunga kabla hajapata pumzi.

Mkanda mweusi una digrii zake. Tatu za kwanza huja kila baada ya miaka 3, na tatu zinazofuata kila baada ya miaka 5, ilimradi mtu anaendelea kufanya mazoezi na kufundisha. Aliyeanza akiwa na miaka 40 atakuwa na zaidi ya 50 atakapofungwa mkanda huo, na mchezo wake utapaswa kubadilika tena: mizunguko michache yenye mapumziko marefu, muda mwingi zaidi wa nusu gadi na wa uzito wa juu, na wenzake wa mazoezi waliochaguliwa kwa uangalifu uleule wa mwezi wa kwanza. Zoezi la kuanguka na la kuondoa nyonga yaendelee kufungua kila kipindi, na daktari aangalie mabega na magoti kila mwaka.